Mlinzi Aliripoti Wizi, Kiingereza Kikamgeuza Mwizi

Mwalimu, salamu.

Mimi ni msimamizi wa walinzi wa zamu ya usiku kwenye fleti moja hapa Kilimani, Nairobi. Kila asubuhi kabla ya kukabidhi zamu huandika ripoti ya usiku kwa Kiingereza. Nakala moja hubaki kwenye OB (Occurrence Book), kitabu cha kuandikia matukio, pale getini, nyingine huenda kwa ajenti anayesimamia jumba. Kiingereza nilisoma hadi kidato cha nne na sijawahi kuona kikinisumbua, lakini ripoti moja imenitia matatani. Mtungi wa gesi wa kilo 13 ulipotea nje ya mlango wa nyumba B4. Mlinzi wa ghorofa ya pili ndiye aliyegundua akaja kuniarifu, nami nikaandika hivi:

"The guard reported stealing a gas cylinder from House B4."

Ajenti alipoisoma alimwita mlinzi ofisini na kumwuliza iweje amekiri kuiba na bado amevaa sare. Ilituchukua siku mbili kumsafisha. Tangu hapo ripoti zangu hurudi zimepigwa mistari myekundu, bila maelezo. Hizi ndizo zilizopigwa wiki hii:

"The caretaker was reported opening the meter box at 2 a.m."
"The tenant was quoted saying that he lost his keys."
"The boda boda rider denied to enter the compound."
"Speaking on phone, the gate was left open by the guard."
"The tenant said that he will sue, while adding that the guards are sleeping."

Kinachonichanganya ni kwamba niliwahi kuandika "was seen opening" na haikuguswa, ila "was reported opening" imepigwa mstari. Je, kuna kanuni, ama ni kukariri neno moja moja? Nisaidie, maana ripoti hizi zinaweza kufika polisi, na sitaki mtu mwingine aumie kwa kalamu yangu.

Msimamizi wa zamu ya usiku, Kilimani

JIBU

Ndugu Msimamizi, kanuni ipo. Kukariri pia kupo kidogo, lakini tuanze na kanuni, kwa sababu makosa yako karibu yote yana mzizi mmoja: kiambishi -ki-.

Kwa Kiswahili tunasema "alionekana akifungua", "aliripotiwa akifungua", "alinukuliwa akisema", "alisema akiongeza". Ni -ki- ile ile kila mahali, na sote shuleni tulizoea kuigeuza kuwa -ing. Shida ni kwamba -ki- ina kitu ambacho -ing haina. Haitembei peke yake, daima imetanguliwa na kiambishi cha mtendaji. "Mlinzi aliwaambia wapangaji akicheka": aliyecheka ni mlinzi. "Mlinzi aliwaambia wapangaji wakicheka": waliocheka ni wapangaji. Herufi moja, w, imemaliza ubishi. Sasa andika "The guard told the tenants laughing" uone kama unaweza kujua nani alicheka. Huwezi. Umbo la -ing halibebi a- wala wa- wala li-. Linamtafuta mtendaji wake kwenye maneno yaliyo jirani, na usipomweka mahali pake litamshika yeyote litakayemkuta.

Ndivyo lilivyomshika mlinzi wako. Kitenzi "report" kikifuatwa moja kwa moja na -ing, mtendaji wa -ing huwa ni yule yule aliyeripoti. "The guard reported hearing a noise" maana yake mlinzi alisema kwamba yeye mwenyewe alisikia kelele. "The guard reported seeing two men on the wall", yeye mwenyewe aliwaona. Kwa hiyo "The guard reported stealing a gas cylinder" haina njia nyingine ya kusomeka ila kwamba mlinzi amesema aliiba. Ajenti alisoma kilichoandikwa.

Ulichokusudia kina njia tatu. Iliyo salama kuliko zote ni kutumia "that" na kukipa kila kitenzi kiima chake: "The guard reported that a gas cylinder had been stolen from House B4." Angalia "had been", si "was", kwa kuwa wizi ulitangulia taarifa. Ya pili ni kutumia nomino badala ya kitenzi: "The guard reported the theft of a gas cylinder." Ya tatu ni fupi na hupendwa kwenye OB: "A gas cylinder was reported stolen." Hapo tumetumia "stolen", umbo la kutendwa, na mtungi ndio ulioibwa, si ulioiba.

Lakini ningekushauri usiandike hata "stolen". Kuna mtu aliyeona mtungi ukichukuliwa? Kama hakuna, unachojua ni kwamba haupo. "A 13 kg gas cylinder was reported missing." Neno "missing", ambalo hapa ni sifa ya mtungi na si tendo, linasema mlichokiona, "stolen" linasema mnachodhania, na ripoti inayoweza kufika polisi iandike kilichoonekana.

Sasa hilo la "was seen opening" na "was reported opening". Umeuliza swali zuri sana. Vitenzi vya macho na masikio, yaani "see", "hear", "watch", "notice", pamoja na ndugu zao "catch" na "find", hupokea -ing moja kwa moja hata vikiwa katika kauli ya kutendwa. "He was seen opening", "he was caught climbing", "she was found lying on the stairs". Jicho limemkuta mtu katikati ya tendo, na -ing ndiyo umbo la tendo linaloendelea. "Report" si jicho. Ni mdomo. Vitenzi vya mdomo na vya akilini vikiwa katika kauli ya kutendwa huhitaji "to": "was reported to have opened", "is said to be living in Rongai", "is alleged to have stolen", "is believed to be hiding". Ukikuta "is alleged stealing" au "is said living" jua hapo pana kosa. Na ndani ya "to" kuna wakati: "to be" ikiwa jambo linaendelea sasa, "to have" ikiwa limekwisha kutendeka.

Sentensi yako ya mita basi ni "The caretaker was reported to have opened the meter box at 2 a.m." Hata hivyo bado ina uchafu, kwa sababu saa nane hiyo ya usiku yaweza kuwa saa ya kufungua au saa ya kuripoti, na aliyeripoti hajulikani. Kauli ya kutendwa huficha watu. Kwenye ripoti mtaje shahidi: "Guard 3 saw the caretaker opening the meter box at 2 a.m." Na ukiwa hapo, pima kati ya "saw him opening" na "saw him open". Ya kwanza inasema mlinzi alimkuta akiwa katika kufungua. Ya pili inasema alilishuhudia tendo lote, tangu alipoanza hadi boksi likawa wazi. Siku ambapo shahidi atahojiwa, tofauti hiyo itakuwa na uzito, kwa hivyo mwulize mlinzi aliona nini hasa kabla hujaandika.

Kuhusu "was quoted saying", unachokosa ni neno dogo "as": "was quoted as saying". Utaliona limeachwa kwenye magazeti mara nyingi, na "alinukuliwa akisema" ya Kiswahili hutuponza kuliacha, lakini katika maandishi rasmi liweke. Vile vile "was reported as saying". Ila mpangaji aliyekuja getini akasema na wewe hajanukuliwa na mtu. "Quoted" ni kwa maneno ya mtu yanayotajwa na mwingine, kama gazeti au barua. Andika tu: "The tenant said he had lost his keys."

Mhudumu wa bodaboda amenifikirisha zaidi, maana pale kosa si la sarufi pekee. Mtaani Nairobi neno "kukataa" linabeba mizigo miwili. Mtu "alikataa kuingia", na mtu "alikataa kwamba aliingia", ingawa hili la pili jina lake sahihi ni kukana. Kiingereza kimetenganisha, na kila upande una umbo lake:

"The rider refused to enter the compound." Hakutaka kuingia.
"The rider denied entering the compound." Alikana kwamba aliingia.
"The rider was denied entry." Alitaka kuingia, mlinzi akamzuia.

Mambo matatu, na ulichoandika wewe hakielekei kwa lolote. Mmoja ni mkaidi, mwingine ni mshukiwa, wa tatu hana kosa. Kitenzi kikifuata "deny" moja kwa moja huwa -ing, si "to". Waweza kusema "denied entering" au "denied having entered", zote ni sahihi. Hiyo ya "having" itumie pale unapotaka isiwe na shaka kwamba tendo lilitangulia.

Hapa ndipo penye kukariri kidogo. Pamoja na "deny" na "report", vitenzi vingine vinavyopokea -ing moja kwa moja na utakavyovihitaji getini ni "admit", "mention" na "recall". Vinavyotaka "to" na kitenzi kikavu ni "refuse", "promise", "threaten", "agree", "offer" na "claim": "he threatened to call the police", "she claimed to be a visitor". "Say", "state" na "explain" ni vya "that". Kisha kuna vile vinavyotaka kihusishi kwanza ndipo -ing ifuate: "accused of stealing", "suspected of stealing", "blamed for leaving", "apologised for shouting", "confessed to stealing".

Hicho cha mwisho ni mtego. Watu wakiona "to" wanakimbilia kuandika "confessed to steal". Jaribu hivi: weka "it" baada ya "to". "He confessed to it" inasimama, basi "to" hiyo ni kihusishi na kinachofuata ni -ing. "He promised to it" haisimami, basi ni "promised to pay". Jaribio hilo huchukua sekunde mbili, ila jihadhari na "agree": "He agreed to it" inasimama, lakini bado ni "agreed to pay".

Tuje kwenye geti linalozungumza kwa simu. Isome tena kwa Kiswahili: "Akizungumza kwa simu, geti liliachwa wazi na mlinzi." Masikio yetu hayakwaruzwi sana, kwa sababu a- ya "akizungumza" haiwezi kuwa ya geti. Geti lingekuwa "likizungumza". Ngeli inatulinda. Kwa Kiingereza hakuna ngeli. Kirai cha -ing kikianza sentensi na kufuatwa na koma, kiima cha kwanza baada ya koma ndicho mtendaji, na kiima chako ni "the gate". Ili kujikagua, shika kiima hicho ukiweke mbele ya -ing uone kama kinaingia akilini: "The gate was speaking." Kama hakiingii, mlete mtendaji halisi kwenye nafasi hiyo: "While speaking on the phone, the guard left the gate open." Na usiache "the" kabla ya "phone".

Kosa hili lina ndugu anayependwa na wanaoandika habari za mikutano: "Speaking at a funeral in Kakamega, the road was said to be ready." Barabara haihutubii matanga. Mwenye kusema aje mara tu baada ya koma.

Na pale tendo moja lilipomalizika kabla ya lingine, yaani "akiwa amekagua", tumia "having", ukichunga mtendaji vile vile. "Having checked the CCTV footage, the supervisor identified the rider" ni sawa. "Having checked the CCTV footage, the rider was identified" inampa mhudumu wa bodaboda kazi yako.

Imebaki "said that he will sue, while adding that the guards are sleeping". Ondoa "while", ambayo ni "huku" ya Kiswahili iliyojipenyeza. Kiingereza kinatosheka na koma na "adding". Rudisha pia vitenzi nyuma kwa kuwa maneno yalisemwa jana: "The tenant said he would sue, adding that the guards had been sleeping." Mkia wa aina hii ni mzuri sana kwa ripoti, na una wenzake: "saying", "claiming", "insisting", "warning". Kila mmoja ana masharti. "Adding" iongeze kitu juu ya kilichokwisha semwa, isitangulie. "Saying" usiiweke baada ya "said", iweke baada ya kitendo: "She refused to sign the visitors' book, saying she was late." "Telling" na "assuring" haziendi bila msikilizaji, hivyo si "assuring that" bali "assuring the tenants that". "Citing" hutaka nomino: "citing lack of water", si "citing that there is no water". Na "terming" haichukui "as", hata kama unaisoma hivyo kila siku. Ni "terming the claim false". Ukitaka "as", tumia "describing": "describing the claim as false".

Koma yenyewe usiidharau. Tazama hizi mbili, zinatofautiana kwa koma peke yake:

"The guard stopped a man claiming to be a plumber."
"The guard stopped a man, claiming to be a plumber."

Katika ya kwanza, anayejidai fundi wa maji ni yule mtu aliyesimamishwa. Katika ya pili, koma imekata -ing kutoka kwa jirani yake na kuirusha hadi kwa kiima, na sasa mlinzi wako ndiye anayejidai fundi. Bila koma, -ing hushika nomino iliyo karibu. Ikiwa na koma mwishoni mwa sentensi, kwa kawaida hurudi kwa kiima. Pale unapohofia kwamba msomaji atapotea, vunja sentensi iwe mbili. Ripoti ya sentensi fupi haijawahi kumfukuzisha mtu kazi.

Yale maandishi ya OB usiyafute wala kuyapaka rangi nyeupe. Piga mstari mmoja unaoacha maneno yakisomeka, tia sahihi na tarehe kando, kisha andika taarifa mpya inayotaja ile ya kwanza. Ingeweza kuwa na sura hii, saa na mambo mengine ukiyajaza kama yalivyotokea:

"At 5.40 a.m. Guard 2 reported that a 13 kg gas cylinder was missing from outside House B4. He said he had last seen it at 3.15 a.m. while patrolling the second floor. He reported hearing footsteps on the back stairs at about 4 a.m. but denied having left his post. The tenant of B4 called the guards careless, adding that she would go to the police."

Hapo "reported hearing" imekaa mahali pake, kwa kuwa nyayo zilisikiwa na masikio ya mlinzi mwenyewe. Kama aliyezisikia ni mpangaji wa B6 na mlinzi amepasha habari tu, sentensi ibadilike iwe "The tenant of B6 reported hearing footsteps", na jina la mlinzi lisiwemo.